Homa Iliyozaliwa Mlimani

Siku yangu ya kwanza maabara nilikabidhiwa ndoo, wala si darubini. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku za mvua, alinionyesha ndoo iliyojaa vioo vya kupimia damu vilivyokwisha kutumika. "Osha," akasema. Ilikuwa miaka ile ya dhiki, sabuni yenyewe tunaipangia foleni, na kioo ambacho ninyi leo mnakitupa baada ya mgonjwa mmoja, sisi tulikiosha mpaka kikachoka. Nilikuwa nimetoka chuoni, najiona msomi, nikanuna. Akaniona. "Binti, kioo kichafu kitakuonyesha vijidudu ambavyo mgonjwa hana. Utautibu uchafu?" Nikaacha kununa, nikaosha.

Hospitali yetu ya misheni ilikuwa juu kabisa, Upare Kusini, kwenye baridi. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, maana darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake, tunakigeuza kulifuata jua. Ukungu ukishuka, kazi inalala. Tulikuwa tunachukua tone la damu, tunaliacha likauke, tunalitia rangi ya zambarau ili vimelea vya malaria vionekane. Kimelea ni kiumbe kinachohamia ndani ya mwenzake na kula vyake bila kuondoka, na sote tuna shemeji wa namna hiyo.

Mimi nilipenda kazi ile kwa sababu ya umbea, nasema kweli. Nilikuwa natazama tone la mtu na kujua mambo yake kabla yeye hajajua. Mkuu alinikemea mara nyingi kwa kuchelewesha majibu nikishangaa jambo lisilohusika. "Umeulizwa malaria," alikuwa akisema. "Hayo mengine umeyaulizwa na nani?"

Baadaye nikahamishiwa bondeni, kituo cha afya upande wa kijiji cha Kisiwani, na huko nikaiona malaria hadi nikaizoea. Niliporudi mlimani, Mkuu alikuwa amestaafu na enzi ya ruksa, ya biashara huria, ilikuwa imeingia. Madukani sabuni za kila rangi, hospitalini sindano za kutumia mara moja na kutupa. Lakini mashamba ya mkonge yalikuwa yanapunguza watu, na waliopunguzwa walikuwa wanarudi kwao, wengine wagonjwa.

Bosi wangu mpya alikuwa Mganga Mkuu, mtu wa kanda ya ziwa, mwembamba, mwenye maswali kuliko mtoto. Tulipatana upesi. Akaniagiza kwamba kila mjamzito anayepanda kutoka bondeni, akijifungua, nipime damu ya kondo la nyuma. "Kidoleni kwa mama unaweza usione kitu," aliniambia, "kumbe vimelea vimejibanza kwenye kondo, pale mtoto anapolishwa." Akaniambia pia kwamba hayo huwakuta zaidi wenye mimba ya kwanza. Mwili ukishazaa mara moja au mbili hujifunza kuvifukuza.

Ndipo akaja Namsifu. Jina lake si hilo, ila nitamwita hivyo. Alikuwa ametoka shamba la mkonge huko bondeni baada ya kufiwa na mume, akarudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa tatu. Damu yake ilikuwa imeshapimwa. Alikuwa na virusi vya UKIMWI. Jambo hilo alilijua yeye, Mganga Mkuu, Sista wa wodi ya wazazi, na mimi niliyepima. Siku hizo hatukuwa na dawa ya kumpa.

Alijifungua salama, mtoto wa kiume. Nilipofika kuchukua damu, nikamkuta mama yake, Bibi Nakunda, amekwisha kulitia kondo kwenye beseni na kulifunika kwa jani la mgomba. Kwa desturi ya nyumba yao bibi ndiye hulichukua na kwenda kulizika, tena likiwa zima, lisiguswe na kisu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka nini kwenye beseni langu?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akavuta beseni karibu na miguu yake. "Kisu hapana."

"Na sindano je? Nachukua matone mawili tu, upande ule uliokuwa umeshika kwa mama. Sikati kitu."

Akafikiri. "Sindano sawa. Ila nakwenda na wewe, nikaone hicho unachokitafuta."

Hakuna mgonjwa wala ndugu aliyewahi kuniomba hivyo. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamkalisha kwenye kiti changu, jua lilikuwa zuri, na damu ilipokauka na kutiwa rangi nikatazama kwanza mimi. Vimelea vilikuwa vimejaa! Damu ya kidoleni kwa Namsifu nilikuwa nimeipima asubuhi hiyohiyo na sikuona hata kimoja. Nikampisha bibi. Akahangaika na jicho, akafumba lisilohitajika, akatulia.

"Vidoa hivi vyeusi vyeusi?"

"Ndivyo."

"Na mjukuu wangu alikuwa anakula humu?"

"Humuhumu, mama."

Akachukua beseni lake akaenda.

Nikampelekea Mganga Mkuu jibu, naye akakuna kichwa. "Lakini huyu ni wa mimba ya tatu. Mwili wake ulishajifunza. Nani kausahaulisha?" Tukatazamana, kwa kuwa jibu tulikuwa nalo wote wawili. Virusi vilikuwa vimewamaliza askari wa mwili, na elimu yao imekwenda nao. Namsifu alikuwa anaikabili malaria kama mwenye mimba ya kwanza. Nakumbuka furaha ya kuelewa, na palepale aibu ya kuifurahia.

Siku ya tatu mtoto akapata homa, akaacha kunyonya. Siku hizo mtoto wa mama mwenye ugonjwa ule akiugua, sisi tuliojua tulikuwa na jibu kabla ya kuuliza. Sista alikuwa mtu mwema, alikuwa amewafunga sanda wengi mno. "Mwacheni mama ampakate," alisema kwa upole. "Tusimtese." Na malaria nani angeiwaza? Hata sisi tulioiona kwenye kondo tulidhani ni ya mama peke yake. Mtoto hajatoka wodini, na kwenye baridi ile mbu tulikuwa tunamsikia kwa jina.

Bibi Nakunda alisimama. "Sista, vile vidoa nimeviona kwa macho yangu. Mpimeni na huyu."

Sista akanitazama mimi, nami nikasema bibi ana haki. Akamfunua mtoto mguu yeye mwenyewe. Nikamchoma kisigino. Vilikuwemo, vilevile vya mama yake, vimepita kwenye kondo kabla hajazaliwa. Mganga Mkuu akaamuru kwinini, kwa kipimo kidogo na kwa uangalifu mkubwa, na Sista akakaa na yule mtoto kama wa kwake. Baada ya siku chache alinyonya mpaka mama yake akalalamika.

Siku ya kuruhusiwa Namsifu akaja maabara peke yake. "Hii malaria nimempa mimi?"

"Ndiyo. Na tumeitoa."

"Na ile nyingine?"

Nikamwambia ukweli: kwamba mtoto mchanga hubeba kinga za damu ya mama yake, nazo ndizo kipimo chetu huzitafuta, kwa hiyo kingedanganya. Asubiri mwaka na nusu. Akafunga khanga yake vizuri, akasema atasubiri.

Nimestaafu sasa. Vijana wa maabara hunitembelea na kunieleza vipimo vyao vya dakika chache, na dawa ambazo mjamzito hupewa, za malaria na za virusi, ili mtoto azaliwe salama. Nawahoji mpaka wanachoka. Nao huniuliza ni jibu gani sitalisahau.

Ni la mtoto yule. Bibi Nakunda alimleta muda ulipotimia, na Namsifu hakuweza tena kutembea. Nilipima, nikarudia, Mganga Mkuu akarudia. Sikutaka kulituma jibu lile kwa mdomo wa mtu. Nilipanda mwenyewe hadi kwao, nikamkuta amelala kibarazani juani, mwembamba, macho yake kwenye mlango wa ua. Nikamwambia mtoto hana kitu.

Mtoto alikuwa anafukuza kuku uani. Nikataka kumwita aje kwa mama yake.

"Mwache," Namsifu alisema. "Acha nimtazame bila kumhesabia siku."

Namsifu alifariki kabla mahindi hayajakomaa.