Makunyanzi ya Ikupa

Ikupa wa Kinyala, kijiji cha mlimani, alimtangulia pacha wake kutoka tumboni kwa dakika chache tu, lakini ukubwa huo aliudai maisha yake yote. Anawe mikono wa kwanza, asalimiwe wa kwanza.

Shida ilianza uzeeni. Dainess, pacha wake, aliolewa chini bondeni, Kyela, akawa anauza vitenge dukani, kivulini, na uso wake ukabaki laini. Ikupa alibaki mlimani akichuma chai, uso ukajaa makunyanzi, mpaka siku moja kanisani mgeni akamuuliza Dainess, "Huyu ndiye mama yako?" Dainess alicheka. Ikupa hakucheka hata kidogo. Kuwa mkubwa sawa, lakini kuitwa mama wa pacha wako!

Ndiyo maana mjukuu wake Hellen, mwalimu wa fizikia, alipotaja wakati wa kula kwamba mlimani saa inakwenda upesi kuliko bondeni, bibi aliyadaka maneno hayo palepale.

"Saa tu, au na mwili?"

"Na mwili, bibi. Moyo, nywele, ngozi, vyote vinafuata muda uleule."

Basi, kesi ikaisha. Kijiji kizima kikaambiwa kwamba mlima ndio uliomzeesha Ikupa. Watoto walipoandaa ibada ya shukrani kwa pacha kutimiza miaka sitini na mitano, na picha kubwa ya kutundika sebuleni, bibi akagoma. Hasimami karibu na Dainess mpaka naye ahamie Kyela kwanza, apunguze mwendo wa kuzeeka.

Hellen alimfuata jikoni alikokuwa akimenya ndizi.

"Bibi, siku ile hukuningoja nimalize. Ni kweli mlima umekuzidishia muda, lakini ukijumlisha maisha yenu yote, hiyo tofauti haifiki hata kupepesa jicho. Haiwezi kuleta kunyanzi hata moja."

Kisu kikasimama. "Sasa haya yote yametoka wapi?"

"Jua la shambani. Baridi ya asubuhi. Babu alipofariki, nani alibaki na kapu la chai mgongoni? Mama yangu na wajomba walisomeshwa na nani? Na mimi je?"

Bibi alijipapasa shavu. Jibu alikuwa nalo siku zote, ila hakuwahi kumsikia mtu akilisema.

Jumapili alisimama nje ya kanisa na pacha wake, kitenge kipya, shingo juu. Lusungu, mpiga picha kutoka Bulyaga, akatazama kioo cha kamera yake, akasema kwa upole, "Bibi, usijali, nikifika studio nitakusafisha uso kidogo ufanane na mwenzako."

"Thubutu!" Ikupa alifoka, watu wote wakageuka. "Usiguse kunyanzi hata moja! Hili la hapa jichoni ndilo limemsomesha yule mwalimu pale. Ya kwangu haya, nimeyafanyia kazi!"

Lusungu akanywea. Dainess alimtazama pacha wake usoni kwa muda, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Tangulia mbele, dada," akasema.