Baba Amemnunulia Bibi Tamthilia Zote, na Bibi Anafungasha

Assalaam alaykum nyote. Admin, naomba unifichie jina, na majina ya humu nimeyabadilisha, maana shangazi zangu wanausoma ukurasa huu. Nina miaka kumi na saba, nasoma darasa la kumi na mbili, naishi Ibra, hapa Oman, na wazazi wangu, kaka zangu wawili na Bibi, mama yake baba. Najua wengine mtacheka kwamba mtoto wa shule analilia tamthilia. Nawaomba mnisome mpaka mwisho.

Bibi alizaliwa Tabora na alikuja Oman akiwa mtu mzima. Kiarabu cha salamu na cha sokoni anakijua, lakini cha tamthilia, zile za Kituruki zilizotiwa sauti kwa Kiarabu cha Kishami, cha watu wa Syria, kinampita mbio. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo, kazi yangu kila siku baada ya sala ya alasiri ilikuwa kukaa chini karibu na goti lake nimfasirie. Jirani zetu, Bi Zuwena na Mama Rayya, nao walikuwa wakija na chupa zao za kahawa.

Watu wengi wanachukia matangazo ya biashara. Sisi tulikuwa tukiyangoja. Tamthilia ikiendelea tunanyamaza. Yakiingia matangazo ya sabuni, hapo mimi naeleza upesi upesi yaliyosemwa, kahawa inamiminwa, na ugomvi unaanza.

"Yule mama mkwe mchawi!" Bi Zuwena atasema.

"Mchawi wapi? Ana mtoto mmoja tu, anamwonea wivu," Bibi atajibu.

"Mtetee, mtetee! Nawe ulikuwa hivyo hivyo kwa mke wa Salim."

Salim ni baba yangu. Basi mama atapiga kelele kutoka jikoni, "Nawasikia huko!" na wote watacheka mpaka tamthilia irudi.

Kiswahili changu chote nimekipata hapo. Kaka zangu wao wanaongea Kiarabu tu, Bibi akiwasemesha wanaitikia kwa kichwa.

Kisha ile stesheni ikaanza kutuharibia. Kwanza ikapunguza siku, kutoka tano kwa wiki zikawa tatu. Halafu ikarudia vipindi vya zamani kama kwamba sisi hatuna kumbukumbu. Mwisho, binti wa tamthilia yuko mahakamani, anangoja hukumu, tukawasha runinga tukamkuta mwanamke anapaka poda na kutuonyesha vipodozi. Hakuna aliyetuaga. Tukangoja wiki nzima. Bibi kila siku akinituma, "Hebu tizama, labda leo." Niliwaandikia wale watu wa stesheni, sikujibiwa. Nilikasirika sana, kwa sababu kwao ilikuwa kipindi cha mchana tu cha kina mama wasio na kazi.

Baba akamwonea huruma mama yake. Akanunua runinga mpya kubwa inayotumia intaneti, akajiunga na huduma yenye tamthilia ile nzima. Alifurahi kuliko sote. "Mama, zote zimo humu, mpaka mwisho. Hata matangazo nimelipia yasitokee."

Bibi akamwombea dua. Lakini siku ile ile niliona tatizo. Maneno yalikuwa yanakwenda bila kusimama, nami kabla sijamaliza kufasiri sentensi moja wameshasema kumi. Nikawa nasimamisha kwa rimoti. Kaka yangu mkubwa akasema, "Yallah, tutamaliza lini?" Bibi akaniwekea mkono begani. "Wacha iende, mwanangu. Usiisimamishe kwa ajili yangu." Zamani ilisimama yenyewe, na ilisimama kwa wote.

Majirani nao wakapotea. Mama Rayya anaangalia kwenye simu yake, kitandani. Bi Zuwena mwanawe kamwekea kama yetu, akaimaliza yote haraka, kisha akaja mlangoni bila hata kukaa: "Binti anashinda kesi, na mama mkwe anakufa."

"Zuwena, sasa mimi nifanye nini na roho yangu iliyokuwa ikingoja?" Bibi akamuuliza. Bi Zuwena akacheka. Bibi hakucheka.

Sasa runinga imezimwa. Wiki hii Bibi ametangaza kwamba anahamia Nizwa kwa shangazi yangu, na si kutembea, ni kukaa. Baba ameumia. Anaamini mama yangu amemkosea Bibi, kwa sababu haoni sababu nyingine. Nilimsikia akimuuliza, "Umemwambia nini mama yangu?" Mama akaapa, akalia. Sasa wanasemezana kwa kupitia sisi watoto.

Nilikwenda chumbani kwa Bibi, nikamkuta anakunja kanga zake. Nikamwuliza kama kuna aliyemuudhi.

"Hakuna. Mama yako mtoto wa watu, hajanikosea hata siku moja. Lakini humu kila mtu ana mlango wake na simu yake, nawe una mitihani. Kule yuko wifi yangu, nitapata mtu wa kugombana naye kwa Kiswahili." Kisha akanishika mkono. "Baba yako usimwambie. Katoa kwa moyo wake, ataona zawadi yake ndiyo iliyonifukuza."

Nikasema, "Inshallah, Bibi." Sikujua ninaahidi nini.

Shangazi anakuja kumchukua Ijumaa. Mimi natamani tukubaliane sote, baada ya alasiri tunakaa ukumbini, kipindi kimoja tu kwa siku, tunakisimamisha mara kadhaa kwa wote kama enzi za matangazo, na majirani tuwaite upya hata kwa tamthilia nyingine. Kusoma nitasoma usiku. Nahisi Bibi angebaki. Lakini siwezi kulitaka hilo bila kumweleza baba kwa nini, na nikimweleza nimeitoa siri ya Bibi. Nikinyamaza, mama anaendelea kubeba lawama isiyo yake, na Bibi anaondoka huku mwanawe akidhani mama yake kadharauliwa.

Nyinyi mlio baba na mama, ambao watoto wenu wanawajua kuliko mnavyodhani, nielekezeni kabla ya Ijumaa. Mngependa binti yenu awaambie? Nianze kwa nani, na nisemeje ili asivunjike moyo mtu?