Uso wa Bakuli la Bi Kuniyo

Misonobari ya bonde la Shigaraki imekua, ikakatwa, ikapandwa tena, naye Bi Kuniyo Hirose yu pale pale kando ya tanuri lake la kuni. Mwaka wa thelathini na mbili huu anafinyanga mabakuli ya chai, na kila mwaka humpelekea Mwalimu Orie, bingwa wa sherehe ya chai, moja, akitumaini litachaguliwa kwa chai ya kwanza ya mwaka mpya. Kila mwaka hurudishiwa, kwa adabu isiyo na kasoro. Sasa Mwalimu Orie ametimiza miaka themanini na minne, na ametangaza kwamba chai ya Januari hii ndiyo yake ya mwisho.

Novemba tanuri liliwaka siku tano. Siku ya nne mumewe, Yasuzo, alirusha kuni kwa pupa. Gogo likaligonga bakuli lililokuwa zuri kuliko yote, nalo bakuli likabingirika na kuzama katika makaa.

"Umenimaliza, mzee wewe!"

"Sijakumaliza. Nimelisogeza penye joto."

Tanuri lilipopoa, bakuli lilitoka zima. Upande mmoja jivu limeyeyuka kama kioo cha kijani. Wa pili makaa yameutia weusi. Wa tatu umebaki mwekundu kama nyanya iliyoiva. Bi Kuniyo alicheka hadi akaketi chini.

Wakalipeleka siku ile ile. Mwalimu Orie alitia chai, akaipiga kwa upekecho wa mianzi mpaka ikatoa povu, kisha akalinyanyua bakuli. Mnywaji mwenye heshima huugeuza kando uso wa bakuli, yaani upande wake bora, ili mdomo wake usiuguse.

"Uso uko wapi?" akauliza.

"Huo wa kijani, Mwalimu," akasema Bi Kuniyo.

"Mweusi!" akadakia Yasuzo. "Niliupika mwenyewe."

"Uliuangusha!"

Mwalimu akaukimbia wa kijani, akakutana na mweusi. Akaukimbia mweusi, akakutana na mwekundu, mzuri kuliko wote. Akageuza tena: kijani! Yeye aliyewakemea wanafunzi miaka sitini kwa kuzidisha mzunguko kwa upana wa kidole, sasa alizungusha bakuli kama mtoto na pia yake.

"Jamani, kila nikiligeuza linanitazama! Nitakunywa lini, nami ni mzee?"

Akafumba macho, akanywa yote kwa mkupuo.

"Mwalimu, una povu puani," akasema Yasuzo.

"Nyamaza, mrusha magogo!" Na kicheko kikamtoka, kikamtikisa mabega, kikawaambukiza wenzake, hata wote watatu wakashikilia mikeka.

Walipotulia, Bi Kuniyo alinyoosha mikono miwili.

"Unataka nini?"

"Bakuli, Mwalimu. Kama kawaida."

"Kawaida imekwisha." Mwalimu alilikumbatia kifuani. "Januari nina wageni saba. Nao wahangaike!"

Bi Kuniyo alirudi nyumbani miguu haijui ardhi. Aliinamia sanduku la posta, akaliamkia. Akamwinamia mbwa wa jirani, akamwamkia pia. Nyuma yake Yasuzo alidai nusu ya sifa, na mkewe, kwa furaha, akampa robo tatu.

Mola amzidishie Bi Kuniyo siku za kicheko kama hicho, amhifadhi mumewe na mikono yake yenye pupa, awarehemu wazazi waliomzaa, na awabariki watakaotoka katika ukoo wake, wasichoke kungoja wala kufurahi.