Mama yangu kaandikwa mkulima mkubwa kwa sababu ya ngokela

Majembe ndiyo niliyoyasikia kwanza, wakuu. Ukungu wa kijijini kwetu Mapera ulikuwa umefunika mlima mzima, sioni mtu, nasikia tu chuma kikiuma udongo na watu wakicheka.

Heshima kwenu wote. Haya niliyashuhudia mwenyewe, sipunguzi wala siongezi chumvi.

Ilikuwa ngokela ya mama. Kwa wasiotujua Wamatengo: majirani wanakuja shambani kwako kuchimba ngoro, yale mashimo yanayozuia mvua isibebe udongo wa mlimani. Unawapikia, unawapa pombe. Kesho unabeba jembe lako kwenda kwao. Mshahara hakuna.

Ukungu ulipoinuka, afisa mapato akatokea na pikipiki. Kijana mgeni, mpole tu. Akahesabu vichwa.

"Shikamoo mama. Vibarua ishirini na sita?"

"Marahaba. Vibarua wa nani? Hawa majirani."

Akaandika: mkulima mkubwa.

Baba Odilo, jirani yetu, akaegemea jembe. "Bosi! Leo tunataka na soda!"

Shamba zima likacheka. Mama hakucheka.

Maana ushuru wa daraja hilo la mkulima mkubwa ulitakiwa kabla ya msimu, kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Hela angeitoa wapi? Angeuza magoma, yaani kahawa ambayo haijaiva, kwa bei ya kutupa, kwa yule mnunuzi mwenye malori matatu pale barabarani.

Na huyo, wakuu, kaandikwa mfanyabiashara mdogo! Madereva wake ni wapwa zake, kwa hiyo eti hana mwajiriwa hata mmoja.

Mimi sipingi kodi. Barabara ya kushuka Mbamba Bay tunaipita sote. Ila nimejifunza kwamba tajiri ni yule anayesubiri ubanwe ndipo anunue. Huyo alipe zaidi, na aanze yeye. Anayebisha aje hapa chini na hoja, sikimbii.

Na kabla hamjauliza kama mama alisaini: Ijumaa tuliitwa ofisi ya kata. Afisa akamsogezea fomu ya kukubali ushuru huo.

"Kesho nachimba kwa Baba Odilo," mama akasema. "Naye utamwandika tajiri? Keshokutwa kwa dada yake? Basi mwaka huu kijiji kizima tunatajirika kwa zamu!"

"Mama, saini tu, rufaa utakata baadaye."

"Baadaye kahawa yangu itakuwa kwenye lori la yule bwana."

Akairudisha kalamu mezani, akakaza kanga kiunoni, akatoka. Mlango aliufunga mwenyewe, kwa nguvu.