Nilivyopika rangi ya chaki Kihesa, na kabati la marehemu likaikataa

Kamwene wakuu.

Nimeona uzi wa vijana humu mnafundishana chalk paint, mnasema ni kitu kipya cha mitandaoni. Nimecheka mpaka mjukuu akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Mimi ni bibi kizee. Hiyo rangi nimeipika miaka ya hamsini, mama zenu hawajazaliwa. Nasimulia kama ilivyokuwa. Chumvi daktari amenikataza, hata kwenye stori siweki.

Twende.

Kwetu ni Mbalizi, mimi ni Msafwa. Niliolewa Iringa, Kihesa, na mwalimu aliyefiwa na mke. Mwanaume mpole sana, maneno yake yote aliyamalizia shuleni.

Ndani tuliishi watatu: mimi, mwalimu na mama yake. Wa nne alikuwa marehemu. Namaanisha kabati lake.

Kabati la mninga, jeusi kwa moshi, limejaa vikombe vyake. Mama mkwe alilifuta kila asubuhi. Wageni wakiingia wanalisalimia kwanza, "Jamani, kabati la marehemu!" Halafu ndiyo wananiona mimi na sinia la chai.

Wakuu, niliumia. Nimefunga ndoa kanisani kabisa, lakini najiona mgeni aliyechelewa kuondoka.

Nikamuuliza mwalimu kama naweza kulipaka rangi. Akasema, "Rangi si mbaya." Nikachukua hiyo kama ruhusa.

Sasa materials. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini alikuwa amepaka milango yake kijani, akanipa masalia kwenye kopo. Kidogo mno. Mwalimu naye kila siku alirudi na vipande vya chaki kwenye mifuko ya koti, nilikuwa navitoa nikifua.

Nikavitwanga kwenye kinu, nikachekecha kwa kitambaa, nikakoroga na ile rangi. Ikaongezeka! Nikaona mimi ni fundi, nikaongeza chaki tena. (Kinu nilikiosha. Ugali wa siku ile ulikuwa na ladha ya darasa la kwanza hata hivyo.)

Nikapaka. Likakauka bila kung'aa, kijani cha kupauka, zuri kweli. Mama mkwe akaliangalia, akabeba jembe akaenda shamba.

Jumapili wakaja mawifi zangu. Wifi mkubwa akaliegemea na sweta lake jeusi la kanisani. Alipojitoa, mgongo mzima kijani. Akapitisha kidole mlangoni, rangi ikatoka, weusi ukachungulia.

"Mnaona? Mwenyewe hataki," akasema. "Anairudisha."

Mnaijua Kihesa. Haikupita muda, kisima kizima kinajua kwamba marehemu amekataa rangi, na aliyekataa rangi amekataa na mpakaji.

Mawifi wakarudi. Wakamwambia mama mkwe, mimi nimekaa palepale, kwamba huyu binti arudishwe kwao Mbalizi mambo yaangaliwe upya. Mwalimu akakohoa. Huo ndio ulikuwa utetezi wangu.

Niliogopa, wakuu. Nilikuwa nimeshampenda yule mwanaume na kikohozi chake. Na kwetu ningesema nini? Nimeachika kwa sababu ya kabati?

Mama mkwe akainuka. Akaingia jikoni, akatoka na donge la nta ya nyuki, ile aliyozibia vibuyu vikipasuka. Akailainisha kwenye moto, akaanza kulisugua kabati kwa kitambaa, juu mpaka chini. Machozi yanamtoka, mkono hausimami.

Akamaliza. Akamwita wifi mkubwa.

"Egemea."

Wifi akaegemea. Sweta likatoka safi.

"Marehemu mkamwana wangu namlilia mimi," mama mkwe akasema. "Msimsingizie ugomvi na rangi. Hakuwa na tabia hiyo."

Kisha akafungua kabati, akatoa vile vikombe kimoja kimoja, akavifunga kwenye khanga yake, akavipeleka chumbani kwake. Akarudi akanishika bega.

"Lete vya kwako, mwanangu."

Nilikuwa nacho kimoja tu, cha bati, nilichotoka nacho Mbalizi. Nikakiweka katikati. Kabati zima, kikombe kimoja. Nikatoka uani nikalia mpaka nikachoka.

Haya, mafunzo. Chaki isizidi rangi, ikizidi inabaki unga, itawapaka mawifi zenu. Ikikauka, paka nta, sugua mpaka mkono uchoke.

La pili ndilo lililonichukua miaka kulielewa. Ruhusa nilimwomba mwenye nyumba. Mwenye msiba sikumuuliza, na alikuwa anafuta lile kabati kila asubuhi mbele ya macho yangu.

Mlioolewa kwenye nyumba zenye vyombo vya mtu mwingine, mwageni ya kwenu hapa chini. Na wale wa kuniambia ningeanza na msasa, karibuni pia, mimi sina haraka.