Noella na Tarehe za Luberizi

Noella Uwamahirwe wa Kilibula alikuwa mkalimani wa watafiti. Kifuliiru alikipata kwa mama yake, Kinyamulenge kwa majirani.

Mwaka juzi alifuatana na Profesa Herménégilde, aliyekuwa akiandika kitabu juu ya jinsi mataifa yanavyoiongoza dunia kwa pamoja. Walifika kijiji cha Luberizi, ambako wafugaji na wakulima wa mpunga walikuwa wamepatana juu ya njia ya kupitishia ng'ombe. Siku tatu Noella alitafsiri maneno ya Mzee Sebagenzi, mfugaji, na ya Toussaint, mkulima, mpaka sauti ikamkauka. Profesa alifurahi, akaahidi kumwandikia barua ya kumsaidia aendelee na masomo ya chuo kikuu Bukavu.

Baadaye akamtumia sura moja ya kitabu aisome. Iliandikwa kwamba mapatano yale yalizaliwa na semina ya shirika fulani la kimataifa. Noella alirudia kusoma. Semina ile ilikuja mwaka mzima baada ya mapatano!

Alirudi Luberizi, akawasomea wote wawili. Mzee Sebagenzi alicheka.

"Semina? Kule walitupatia kofia na fanta."

Toussaint hakucheka. "Noella, ile shirika iko nafunga milango. Kitabu kikisema mapatano ni yao, watu watasema mapatano nayo imekwisha. Weye ndiye ulitafsiri. Umwambie."

Noella aliiogopa barua ya kumjibu profesa. Aliianza, akaifuta, akaianza tena. Alipoituma, simu ililia siku ileile.

"Noella, wewe ni mkalimani. Nadharia niachie mimi."

"Ndiyo, Profesa. Lakini tarehe si nadharia."

Profesa akamjibu: "Nitumie hizo tarehe."

Alimtumia, pamoja na picha ya daftari la shule lililoandikwa mapatano, ambamo pande zote mbili zilitia alama za vidole kwa wino.

Kitabu kilipotoka, shirika lilisifiwa kwa kuyatangaza mapatano, na mapatano yenyewe yakarudishwa kwa wenyewe. Barua iliyoahidiwa haikuja. Noella aliumia, kwa kuwa alikuwa amempenda yule profesa. Aliomba nafasi ya masomo mwenyewe, akapokelewa Bukavu.

Sasa anaandika mémoire yake, tasnifu ya kumalizia masomo, juu ya njia ileile ya ng'ombe. Juzi aliwakuta Sebagenzi na Toussaint wakibishana juu ya mfereji wa mpunga uliohama kwa mvua ukaingia njiani. Alivua viatu, akakaa ukingoni, akafungua daftari.

"Muendelee tu," aliwaambia. "Leo simtafsirii mtu. Niko nasikiliza."