Ukingo wa Kusuka

Mwaka ule mafuta ya kupikia yaliadimika Tabora, na mama akaacha kukaanga sambusa. Alizioka. Alisukuma chapati ndogo, akaweka kitu katikati, akakunja nusu duara, kisha akazipanga kwenye sufuria yenye makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Kwa nje zilifanana, hivyo ukingo ndio uliosema kilichomo: uliosukwa kama ukili wa mkeka ni nyama, uliobanwa kwa uma ni dengu, uliofinywa kwa vidole ni uyoga mkavu kutoka Ipole.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nafunga Ramadhani nzima kwa mara ya kwanza. Nilijigamba mpaka mtaa wetu wote wa Gongoni ukajua. Wadogo zangu niliwaita kobe kwa sababu walikula mchana.

Siku hiyo mama alikwenda kupanga foleni ya unga kwenye duka la ushirika, akaniachia kusuka zile za nyama. Nyama ilikuwa kidogo, imekatwakatwa kwa kisu, inanukia bizari. Nilionja chumvi kwa ncha ya ulimi, kama mpishi anavyoruhusiwa, nikatema. Nikaonja tena, na safari hii sikutema. Akili iliponirudia, bakuli lilikuwa jeupe na chapati sita bado zinasubiri.

Mwenye haya angelia. Mimi nilizikunja tupu, nikazisuka ukingo wa nyama kwa ustadi kuliko zote. Kwenye makaa zilivimba vizuri.

Jioni, mama alipogawa futari ya majirani, nilijitolea kupanga sahani. Zote sita nikampelekea mjane wa nyumba ya pili, aliyelea watoto watatu kwa kushona kofia. Nilimchagua yeye kwa kuwa nilijua hatasema. Hilo linaniuma mpaka leo, kuliko hata ile funga niliyoivunja.

Kesho yake aliniita mlangoni, akanipa bakuli lililofunikwa.

"Mpe mama. Mwambie asione haya, mwanangu, siku hizi kila mtu anabana. Hiki kidogo tugawane."

Kumbe aliamini mama alikosa nyama akaamua kuficha upungufu wake ndani ya unga. Nilipaswa kusema palepale. Nikasema ahsante.

Ule ujumbe sikuufikisha. Nilisema tu jirani amerudisha fadhila. Mama alifunua, akakuta nyama iliyokaangwa kwa mafuta yake yenyewe.

"Ana watoto watatu," alisema taratibu, "na anatuletea sisi nyama."

Tulifuturu nayo. Nami nilikula.

Siku ya Idi mjane alikuja kutupa mkono wa Idi. Mama, furaha imempanda, akajisifu: "Pamoja na shida zote, Mungu alinisitiri, nyama sikukosa hata siku moja. Na zile za kusuka alizitengeneza huyu binti yangu, tena amefunga! Ulizionaje?"

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Mjane alinitazama, na niliona kabisa ameelewa. Nilitamani aseme, hata nichapwe mbele ya wageni, yaishe.

"Zilijaa, dada," alisema. "Binti yako ana mkono mzuri."

Mama alitabasamu kwa fahari, akaniambia nimshukuru jirani yetu. Nikamshukuru.